Mito ya Masikio ya Mzee Simba

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapanga vyumba na kununua sukari ya kupimiwa, Mzee Simba aliokota hedifoni. Watalii walizidondosha njiani, gari lao likaondoka na vumbi lake, naye Mzee akazichomeka kwenye redio yake na kuzivaa kichwani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila hedifoni. Alikula nazo, aliamua kesi nazo, na mtu akija kumlilia shida zake, Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa kufuata taarabu.

Tatizo lilikuwa mito. Ile mito laini inayokaa kwenye masikio ilikuwa imebanduka, imebaki plastiki tupu, na plastiki hiyo ikambana masikio mpaka yakavimba. Akajaribu sponji ya kuogea, ikamtiririshia maji shingoni. Akajaribu manyoya ya kuku, akapiga chafya, chya, chya, chya, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akajaribu maandazi mawili ya moto. Hayo yalimfaa sana, ila kufika wimbo wa tatu alikuwa ameshayala.

Ndipo Fisi, waziri wake, akatoa ushauri. Fisi huyo hakuwahi kuwa na wazo lisilomuumiza mwingine. Alisema kwamba nchi nzima hakuna kitu laini kama tumbo la pimbi, na kwamba kwenye jabali lililo nyuma ya ikulu wanakaa pimbi wawili, mume na mke, yaani jozi kamili.

Pimbi wakaletwa. Mke aliitwa Bi Sikitu, mume aliitwa Makame, na nyumbani walikuwa wameacha watoto watatu wanaonyonya. Fisi alikuwa ameshanoa kisu. Makame alipokiona kile kisu, akajificha nyuma ya mkewe. Ikabidi mke aseme.

"Bwana Mkubwa," alisema, "ngozi ya pimbi ikichunwa, siku ya pili tu inakuwa ngumu kama kwato. Lakini pimbi mzima ana joto lake, tena anapumua. Utasikiliza muziki huku masikio yanakandwa."

Mzee Simba akataka kujaribu. Wakafungwa kwa vipande vya kanga, Sikitu sikio la kushoto, Makame sikio la kulia, matumbo yao yakiwa katikati ya plastiki na sikio. Mzee akafumba macho. Akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akasema kwamba sasa ndiyo amejua starehe ni nini.

Basi Sikitu akaokoa ngozi yake, lakini aliyafungia maisha yake kwenye sikio la mtu. Walifungwa alfajiri, wakafunguliwa jua linapozama, na usiku Fisi alilala mlangoni pao wasitoroke. Kutwa nzima watoto hawakuwa na wa kuwanyonyesha, na siku ya tatu aliporudi alimkuta yule mdogo hana hata nguvu ya kulia. Sikitu alikosa la kufanya. Kesho yake akalia kimyakimya pale pale sikioni, na Mzee Simba akalalamika kwamba mto wa kushoto unavuja.

Sasa niwaambieni jambo moja la nchi hiyo. Nchi hiyo redio haikubishiwa. Kuna mwaka redio ilitangaza jua kali, wote wakaanika mahindi kwenye mvua, yakaota yangali mkekani, na hakuna aliyesema kitu. Na kila siku saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, yalisomwa matangazo ya vifo. Hapo kila mmoja aliweka kijiko chini akasikiliza. Nyumba iliyopata msiba ilizima muziki mpaka arobaini ipite, na desturi hiyo hata Mzee Simba aliishika.

Sikitu aliyawaza hayo huku ngoma za taarabu zikimdunda mgongoni. Kila kilichoingia sikioni mwa Mzee kilimpitia yeye kwanza. Mkubwa wa nchi hasikii kitu ila kile ambacho tumbo la Sikitu limekiruhusu.

Siku ya tano, saa saba ilipofika na matangazo ya vifo yakaanza, Sikitu alimkonyeza mumewe juu ya kichwa cha Mzee, kama walivyopatana usiku. Makame akajikandamiza kwenye plastiki ya kulia mpaka ikanyamaza. Sikitu akajikandamiza kwenye ya kushoto. Kisha akabana pua, akaongea taratibu, kama mtangazaji mwenyewe.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Simba wa Ikulu ya Jabalini, kilichotokea leo asubuhi. Habari ziwafikie waziri wake Fisi, shemeji yake Kiboko, na Nyati wa ng'ambo ya mto, pamoja na ndugu na jamaa wote popote walipo. Marehemu ameacha wosia kwamba waliokuwa mito ya masikio yake warudi kwao leo hii, na wasiguswe tena."

Mzee Simba akasimama. Machozi yakamtoka. Akavua hedifoni polepole, pimbi wakiwa bado wananing'inia, akaziweka mezani.

"Tumepata msiba," alisema.

Fisi akauliza ni nani.

"Mimi."

Fisi akamtazama juu, akamtazama chini. Akasema, kwa heshima zote, kwamba mbona Mheshimiwa anaongea.

"Redio imesema ni leo asubuhi," Mzee akamjibu. "Na kweli, tangu niamke sikuwa najisikia vizuri."

Fisi akauliza kama ni redio hii hii ya siku zote. Akaambiwa ndiyo. Basi akaketi chini, akashika tama.

Mzee Simba aliwafungua pimbi kwa mikono yake mwenyewe. Akawaambia waende salama, wosia wa marehemu hauvunjwi. "Alikuwa mtu mzuri sana," akaongeza, akijifuta machozi kwa kipande cha kanga.

Sikitu alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Akainama kwa adabu, akasema, "Poleni kwa msiba, Mzee."

"Tumeshapoa."

Wakatoka kwa mwendo wa waombolezaji mpaka kwenye kona. Kutoka kwenye kona walikwenda kwa mwendo wa pimbi. Walipanda jabali bila kugeuka nyuma, na Sikitu alipomweka yule mdogo kifuani na kumsikia anavuta maziwa, alilia tena, safari hii kwa sauti, kwa furaha.

Huko ikulu matanga yakaanza. Kiboko alileta gunia la mchele, Nyati alileta kuni na kulia. Mkeka ukatandikwa, na marehemu akalala katikati, amefunikwa shuka, akitoa mkono nje mara kwa mara kupokea pilau. Kila aliposifiwa alilia kuliko wafiwa wengine. Waliposema kwamba alikuwa mkarimu, yeye mwenyewe alishangaa, hakuwa anajua.

Fisi alipewa kazi ya kukaa miguuni kulinda maiti, na hapo ndipo walipokosea. Fisi alikaa, akameza mate. Akawaza kwamba redio imesema Mzee amekufa. Aliyekufa ni maiti, na maiti mbele ya fisi ni chakula, hata kama ni bosi wake. Ilipofika alasiri uvumilivu ukamwishia, akauma ncha ya mkia. Kacha!

Mzee Simba alinguruma, masufuria yakaruka na pilau ikawanyeshea wafiwa. Fisi alikimbia, kisu hakukikumbuka, uwaziri hakuukumbuka, na hadi leo anakimbia kwa kuinamisha makalio.

Lakini Mzee hakuvaa tena hedifoni. Kulikuwa na msiba nyumbani. Tena lile jino la Fisi lilikuwa limemtia mashaka, maana maiti haisikii maumivu namna ile. Akatoka akichechemea, amejifunga shuka lake la msiba, akaja mpaka chini ya jabali. Sikitu alikuwa amekaa juu kabisa na wanawe, wote watatu wameshiba.

"Bi Sikitu," aliita, kwa sauti ya mtu mwenye aibu, "wewe ulikuwa karibu na redio kuliko mimi. Hebu niambie ukweli. Mimi ni mzima, au nimekufa?"

Sikitu akamfuta mwanawe mdomo, akafikiri kidogo.

"Mzee wangu," akamjibu, "mpaka sasa redio haijakanusha."

Mzee Simba akashukuru, akarudi mkekani kwake, akajifunika.

Basi shikeni hili, wanangu: ukimweka mwingine sikioni mwako kutwa nzima, siku moja atakutangazia kifo chako, nawe utampa pole.