Awuor na Kiti cha Mgeni

Awuor, binti wa Rorya, alisoma hadi vitabu vikamkoma. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika saikolojia ya tiba kwenye chuo cha kanisa jijini Mwanza, ambako wanafunzi hufundishwa kutibu majeraha ya nafsi bila kuiacha imani mlangoni. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Baba yake alitembea kifua mbele kijiji kizima, na Awuor naye, tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Siku moja alitumwa Misungwi kumwona Modesta, mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Elias. Tangu mazishi mama huyo hakulia, hakusema, na sasa hata chakula alikikataa. Alikuwa amekonda kama ng'onda. Mumewe, mzee Mihayo, alimletea mgeni kiti kizuri chenye kitambaa cha kufuma. Awuor akakikalia. Modesta alikuwa mkekani, akichambua mchele.

"Shikamoo, mama. Mshukuru Mungu kwa yote," Awuor alisema kwa sauti ya mimbari. "Elias yuko mahali pema."

Modesta alijifunika kanga usoni, akainuka, akaingia ndani.

Awuor alirudi chuoni amenywea. Msimamizi wake, Dokta Sabina, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mfiwa alikaa wapi?"

"Mkekani, mwalimu."

"Na wewe?"

Awuor aliinamisha kichwa. Tangu utotoni alijua kwamba mwanamke aendaye kuhani huketi chini pamoja na mfiwa. Elimu ilimsahaulisha jambo ambalo hata shangazi zake wasiosoma hawakulisahau.

Alipokwenda tena, mzee Mihayo alikikimbilia kiti.

"Asante, baba. Leo nitakaa chini."

Alivua viatu, akaketi mkekani, akachota mchele na kuchambua. Ulimi ulimwasha kwa mistari ya Biblia, lakini aliuzuia. Walichambua kimya hadi mchele ukaisha.

"Kila anayekuja ananikataza kulia," Modesta alisema ghafla. "Mimi nimemkasirikia Mungu, binti yangu. Mtanitenga kanisani?"

"Mwambie hivyo hivyo, mama. Hata Daudi alimlalamikia. Nipo hapa, tumwambie pamoja."

Modesta akaangua kilio, kilio kikubwa kilichosikika hadi barabarani. Mzee Mihayo alikuja mbio, machozi yakimtoka.

"Amelia! Jamani, mke wangu amelia!"

Alipotulia, Modesta aliomba uji. Akanywa wote.

Safari za Misungwi ziliendelea mpaka mama yule akarudi kuimba kwaya kanisani. Na Awuor alipotunukiwa shahada yake, vigelegele vya kwanza havikutoka Rorya. Vilitoka kwa Modesta, aliyesimama katikati ya umati akipaza sauti: "Huyo ni daktari wetu! Yeye ndiye aliyenisikia!" Dokta Sabina alipiga makofi hadi viganja vikamuuma. Baba yake Awuor alilia waziwazi, wala hakuona haya.

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.