Maji ya Ngama na Pete ya Waziri

Hapo zamani, bahari ilipokuwa bado haijazoea kutemewa na kila mtu, palikuwa na mji wa bandari uitwao Shangalima, na mtawala wake Sultani Zuheri alipenda kuoga kuliko kula. Siku moja akashuka pwani kupunga upepo, akakuta povu la kijivu limetanda majini, na harufu yake ikampanda mpaka kilembani. Akaambiwa hayo ni maji ya ngama, yaani uchafu unaokusanyika chini kabisa ya jahazi, wenye mafuta, maganda ya vitunguu na mengine nisiyoyataja, maana huenda msomaji yuko mezani.

Basi mbiu ikapigwa: "Maji ya bandari hii ni mali ya Sultani, tone kwa tone. Yeyote atakayemwaga maji humu pasipo kibali, atanyang'anywa alichonacho."

Kazi ya kutoa kibali akapewa Waziri Badawi. Naye hutia maji ya jahazi katika bakuli jeupe, akatumbukiza pete yake ya yakuti. Akiiona, kibali hutoka, asipoiona, hakitoki. Ikawa hakuna jahazi lililowahi kukipata.

Ndipo likaingia jahazi la Nahodha Shekue, limejaa mchele, linavuja kama kikapu. Aliyefua maji yake, yaani kuyachota kwa ndoo na kuyatoa nje, alikuwa Chubwi, fukara asiye na kanzu ya pili, mwenye mdomo uliomponza katika bandari zote, na bandari nazijua mimi. Hata hawajafunga kamba vizuri, askari akamshika na ndoo mkononi.

"Ukimwaga, jahazi ni la Sultani," askari akasema.

"Nisipomwaga, ni la samaki."

Nahodha akakimbia kwa Waziri na maji yake. Pete ikazama, isionekane. Na bila kibali hata gunia moja halishuki. Akarudi analia. "Chubwi mwanangu, sina kitu kingine duniani ila jahazi hili. Jua likizama, nalo limezama."

"Usilie, baba nahodha. Machozi nayo ni maji, yakidondoka humu yataka kibali. Niitie wapagazi wenye mitungi."

Wakayachota maji ya ngama, wakapita nayo katikati ya mji, watu wakifunga madirisha, mpaka barazani kwa Sultani, aliyekuwa ametoka kuoga punde hivi, ananukia ambari.

"Nini hiki?" akauliza.

"Mali yako, Maulana," Chubwi akasema, akainama mpaka chini. "Maji ya bandari ni yako tone kwa tone, na haya yameingia jahazini mwetu kwa nyufa, wala hatukuyaita. Tukikaa nayo tu wezi, tukiyarudisha baharini tu waasi. Nikaona nimletee mwenyewe. Mengine yako njiani."

"Mfidhuli huyu apigwe," Waziri akasema, ameziba pua.

"Nipigwe, mheshimiwa, lakini kwanza nipokewe mzigo."

Mitungi ikazidi kuingia. Sultani akafunika uso kwa kilemba. "Yamwage, yamwage huko nyuma mferejini."

Chubwi akauchungulia mfereji. "Nao huu waenda wapi, Maulana?"

Bawabu mmoja asiyejua wakati wa kunyamaza akajibu, "Baharini, bandarini pale pale. Maji yote ya kuogea ya Maulana hupita humo, na ya zizi la farasi."

Basi Chubwi hakumwaga hata tone. Alichota kutoka mferejini kwa lile bakuli jeupe la Waziri, akampelekea kwa mikono miwili. "Pete, mheshimiwa."

Pete ikatumbukia, ikapotea. Waziri akatazama bakuli, akamtazama Sultani, akatazama bakuli tena, jasho linamtoka. "Naiona," akasema. "Kwa mbali."

"Basi kwa macho hayo hayo tupe na sisi kibali. Na kama huioni, mheshimiwa, tuambie nani ataanza kumnyang'anya Maulana kasri yake. Maana lile povu la pwani, Maulana, ni la sabuni, na ngama haijui sabuni."

Sultani akamkazia macho, na shingo ya Chubwi ikamwasha. Kisha kicheko kikamtoka Sultani, kikubwa, hata kilemba kikaanguka ndani ya mtungi. Akaamuru lichimbwe shimo kubwa nyuma ya gati, maji ya ngama ya kila jahazi yapelekwe huko, na mfereji wa kasri nao ugeuzwe uelekee huko. Askari wenyewe wakabeba mitungi mpaka pale shimo lilipoanza kuchimbwa, wakamshushia Nahodha mchele wake, na jahazi likaelea jepesi kabla ya magharibi.

Chubwi akavishwa kanzu ya pili, akakabidhiwa bakuli la vibali. Wa kwanza kunyimwa akawa Sultani Zuheri, aliyeoga kwa kopo moja mpaka shimo likaisha kuchimbwa, huku Waziri amesimama mlangoni, akihakikisha tone halipiti.