Nyumba Ijengwe Lushoto au Tukuyu?

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni hii ya juzi ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa, walikuwako mume na mke pale Morogoro. Mume aliitwa Shekiondo, Msambaa wa Lushoto, dereva wa malori aliyestaafu. Mke aliitwa Tusekile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Walikuwa na watoto wakubwa, afya ya wastani, na gari moja kuukuu ambalo Shekiondo alilipenda kupita kiasi.

Walipatana kwa kila jambo isipokuwa moja. Nyumba ya uzeeni ijengwe wapi? Shekiondo alitaka Lushoto. Tusekile alitaka Tukuyu. Kila mmoja alitaka kuzeeka kwao na kuzikwa kwao, na hilo si jambo la mzaha. Wakabishana mwaka wa kwanza, wakabishana mwaka wa pili, mpaka fundi aliyeahidiwa kazi akachoka kuuliza.

Siku moja Tusekile akasema, "Baba Hiza, wewe si dereva? Basi tuizunguke Afrika kwa hilo gari lako. Atakayekuwa wa kwanza kushindwa na safari, moyo wake ukageukia nyumbani, huyo amekosa. Tutajenga kwa mwenzake."

Shekiondo akacheka mpaka akakohoa. Miaka thelathini barabarani, leo ashindwe na mwalimu wa hesabu? Wakapeana mikono mbele ya jirani yao, Bi Mwantumu, mwanamke asiyesahau neno la mtu, naye akakubali kuwa shahidi. Wakafunga virago, wakaondoka.

Wakaingia Zambia. Gari likaenda, bwana kimya, bibi kimya, hakuna aliyesema turudi. Pale Lusaka springi ikakatika. Shekiondo akashinda chini ya gari, Tusekile akaenda sokoni kununua nyanya. Alichelewa, lakini alirudi na nyanya, wakapika, wakaendelea.

Wakapita Namibia, wakaingia Angola. Gari likaenda, bwana kimya, bibi kimya, hakuna aliyesema turudi. Huko Angola homa ikamshika Tusekile, akalala kwenye kiti chake siku mbili. Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, akaamshwa na jua la shavuni. Sasa hapa sikilizeni vizuri. Walikuwa wakielekea kaskazini, na kila asubuhi jua lilimpiga dereva, upande wa kulia. Leo linampiga yeye, upande wa kushoto.

"Baba Hiza," akauliza, "jua limehama?"

Shekiondo akasema aligeuza gari tangu saa kumi na moja alfajiri, anatafuta hospitali waliyoipita. Lakini mgonjwa alikuwa ameshatoka jasho na anadai chai. Basi akageuza tena, jua likarudi kwa mwenyewe, safari ikaendelea.

Wakavuka mito ya Kongo kwa pantoni. Kameruni wakala samaki mwenye pilipili, Shekiondo akatokwa machozi akasingizia vumbi. Wakafika jangwani, na huko jangwani giaboksi ikafa kabisa.

Likapita lori la wafanyabiashara wa chumvi. Dereva akawaambia waliache hilo gari, atawapeleka bandarini wapande meli ya kurudi kwao. Shekiondo akamtazama mkewe. Tusekile akamtazama mumewe. Wote wawili wakatikisa kichwa, wakaomba waletewe giaboksi tu. Dereva akaondoka akiwaonea huruma, nadhani aliona jua limewaingia kichwani.

Walikaa siku tano chini ya turubai, maji kwa kikombe. Maji yakiwa haba, watu huzungumzia maji. Tusekile akaeleza mvua ya Tukuyu inavyopiga migomba, na kijito nyuma ya nyumba ya mama yake alikooshea vyombo akiwa mdogo. Shekiondo akaeleza ukungu wa Lushoto unavyoingia mlangoni kama shangazi asiyebisha hodi, na mapeasi yanayoanguka yenyewe. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na kwa mwenzake kila mmoja alikwenda kwenye misiba na harusi tu, akala, akarudi. Sasa hawakuwa na pa kwenda, wakasikilizana. Kila mmoja akajua mwenzake angekosa nini, na ikamuuma.

Giaboksi ikaja, gari likapona. Wakapita Misri, Sudani, Ethiopia, Kenya, na mwezi wa kumi na moja wakaingia Morogoro wakipiga honi. Bi Mwantumu akapika pilau. Walipokwisha kula akauliza, "Haya, nani kashindwa?"

Wakajibu pamoja, "Mimi."

Bi Mwantumu akaweka sahani chini.

Tusekile akaanza. "Nilishindwa Lusaka. Siku ile ya nyanya nilikata tiketi ya basi, nikapanda, nikakaa dirishani. Nikafungua mkoba kutafuta leso, nikakuta dawa zake za presha. Nikashuka kumpelekea. Moyo wangu ulikuwa umeshafika Mbeya, ni hizo dawa tu zilizonishusha. Tukajenge Lushoto."

Shekiondo akakataa. "Huo ni uongo wa huruma. Tiketi iko wapi? Na hata kama alipanda, basi halikusogea hata hatua moja. Mimi ndiye niliyerudi. Ile hospitali ya Angola niliipita saa moja asubuhi, nikaiona, sikusimama. Nikaenda saa tatu nzima zaidi. Nilikuwa nakwenda nyumbani. Tukajenge Tukuyu."

Tusekile akasema huyu naye anadanganya, aligeuza gari kwa ajili ya homa yake, na mtu anayemtafutia mkewe daktari hajashindwa na safari. Shekiondo akasema na mtu anayeshuka kwenye basi kwa ajili ya dawa za mumewe hajashindwa pia. Wakakasirikiana kweli, kila mmoja anapigania kushindwa.

Bi Mwantumu akasema ameshuhudia ndoa, talaka na mirathi, lakini haya hajayaona. Akawaomba walale, atafikiri. Alifikiri wiki nzima, akashindwa, ndiyo maana hadithi imefika kwenu.

Haya, wenzangu. Mke alitangulia kutaka kurudi, lakini hakwenda popote. Mume alikwenda kwa muda wa saa tano kuelekea nyumbani, lakini mgonjwa alikuwa pembeni yake. Ushahidi hakuna, na kila mmoja ana sababu ya kusema uongo. Fundi amesimama na kamba yake ya kupimia, mvua ziko karibu. Je, nani alishindwa, na fundi akachimbe msingi wapi?