Mshubiri Uliosikia Ombi la Mkawasi

Nyamazeni basi, na huyo anayetafuna muwa akaumalizie nje. Hadithi hii haitaki kelele.

Zamani mshubiri ulikuwa mmoja popote ulipoota. Kwenye mawe ya mlimani, kwenye kivuli kando ya kijito, majani yalikuwa yale yale: mapana, ya kijani, hayana mwiba hata mmoja. Na utomvu wake ulikuwa mtamu. Naam, mtamu! Watoto waliulamba hadi nyuso zikanata.

Wakati huo aliishi mjane, Mkawasi, mwenye mwana mmoja tu, Mwadime. Ugonjwa wa kifua ulimshika Mkawasi, ukamla akabaki mifupa. Alijua hana siku nyingi. Lakini Mwadime hakutaka uji wala ndizi, alitaka ziwa la mamake tu. Kila Wakesho, dada yake Mkawasi, alipomlisha, alitema na kupiga mayowe.

"Mwachishe, dada," Wakesho alimwambia. "Ukiondoka angali ananyonya, huyu atakufuata."

Desturi yao ilikuwa kupaka titi kitu cha kumchukiza mtoto. Mkawasi akapaka majivu, akapaka tope. Mwadime alipangusa kwa kiganja, akaendelea kunyonya. Kilichoganda vizuri kwenye ngozi kilikuwa mshubiri, na mshubiri ndio huo, mtamu.

Basi akajikokota mlimani juani, akauangukia mshubiri ulioota mwambani. Alilia, maskini, kilio cha mtu asiye na pa kwenda. Kucha zake zikazama kwenye kingo za majani. Akakohoa damu, akatapika nyongo, vyote vikayamwagikia.

"Mwanangu lazima aishi," akasema. "Nisaidie anichukie."

Mshubiri ukamhurumia. Ukainywa ile nyongo, majani yakasinyaa yakawa mafupi na mekundu, na kila alama ya ukucha ikaota mwiba.

Mkawasi akakata jani, akajipaka. Mwadime alionja mara moja tu. Akalia, akamnyooshea Wakesho mikono, akanywa uji wote. Mamake alifurahi, na papo hapo moyo ukamuuma. Kila alipotaka kumbeba, mtoto aligeuza uso. Mkawasi alikufa akimsikia mwanawe akicheka uani kwa Wakesho.

Mwadime alikua, akawa mzee wa mbuzi wengi. Kila alipoupita mshubiri ule aliutemea mate, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ndio uliomwokoa.

Na tangu siku hiyo mshubiri wa mawe na jua ni mfupi, mwekundu, wenye miiba na uchungu mkali. Wa kivulini ulipata habari tu kwa upepo, ndiyo maana umebaki mpana na wa kijani, na uchungu wake ni kidogo. Uhamishe ule wa mlimani kivulini, utarudi kijani polepole kama mtu anayesahau. Urudishe juani, utakumbuka.

Mama anayemwachisha mwanawe hupanda mlimani mwenyewe. Kabla ya kukata jani huuambia mshubiri, "Pole, mama." Mtoto haambiwi kitu.