Jibu la Bibi Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bondeni huko Hadhramaut aliishi mshona viatu mchamungu, Wahb bin Dirar, pamoja na mkewe Lubaba. Bibi huyu alisifika kwa kuitikia salamu. Ukimpa moja alikurudishia kumi: atakuulizia wazee, watoto, mpaka mbuzi wako mwenye kikohozi. Wahb alikuwa akimtania kwamba chakula chake kila siku hupoa kwa sababu ya watu wa mlangoni.

Lubaba alipofikia utu uzima, maneno yakaanza kumponyoka. Kwanza chumvi ikawa "ile nyeupe". Kisha yakaenda majina ya majirani, kisha akawa anaanza kusema jambo na halimaliziki. Mikono yake haikusahau kitu. Alipika, alifagia, alitawadha kwa mpango wake. Ulimi tu ndio uliokuwa ukimwacha kidogo kidogo, na yeye alijua.

Wahb alidhani ni uzembe. Alikuwa akiinua sindano ya kushonea ngozi na kumwuliza, hii ni nini? Akikosa, alimkaripia. Mwishowe Lubaba akanyamaza kabisa, maana aliyenyamaza hakosolewi.

Sasa katika mji ule, kuacha salamu bila jibu kulihesabiwa ni kukata udugu na mtu. Jirani yao Ummu Sahli alitoa salamu mlangoni siku tatu mfululizo, asisikie kitu. Akaumia, akawaambia wenzake kwamba Lubaba siku hizi anajiona. Wanawake wakaacha kuingia nyumba ile. Wahb alipoulizwa msikitini aliona haya, akasema mkewe anaumwa koo. Koo hilo likauma mwaka mzima, na hakuna aliyelisadiki.

Basi wakabaki wawili. Mzee yule alizungumza na kuta. Alikaa na mkewe mkeka mmoja, na bado alimkosa, akamlilia kama anavyoliliwa aliyesafiri asirudi.

Alasiri moja Ummu Sahli alipita, akatupa salamu kwa kutimiza wajibu, bila kusimama. Wahb alikuwa ndani akikata ngozi. Akamwona Lubaba anainuka polepole, anakwenda kwenye mtungi, anachota maji kwa kikombe, anayabeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni. Njia ilikuwa tupu. Akasimama pale na kikombe chake kwa muda mrefu, kisha akarudi, akayamimina maji mtunguni.

Kisu kikamponyoka Wahb. Mara ngapi alikuwa amekuta kizingiti kimelowa, akamgombeza kwa kumwaga maji ya watu! Alilia mpaka ndevu zikalowa.

Ijumaa, baada ya sala, alisimama mbele ya watu. Alikuwa mtu wa heshima, naye alikuja kukiri uongo.

"Ndugu zangu," akasema, "nimewadanganya mwaka mzima. Mke wangu haumwi koo. Maneno yanampotea, wala hayarudi. Lakini hajaacha salamu ya mtu yeyote. Mkimsalimu, anakwenda kuwachotea maji. Hilo ndilo jibu lake. Ninyi huondoka kabla halijawafikia, nami nilikuwa namkaripia kwa ajili ya jibu hilo."

Habari zikawahi kufika kwa wanawake kabla yeye hajafika nyumbani.

Ummu Sahli akaja, akasimama kizingitini. "Asalamu alaykum, dada yangu," akasema. "Niko hapa, sina haraka."

Akangoja. Akasikia mtungi ukifunuliwa, kisha nyayo zikija taratibu. Alipopewa kikombe alikunywa chote, akambusu Lubaba mikono, akamwomba radhi. Lubaba alimshika ushungi, akamvuta ndani.

Wanasema maneno ya Lubaba hayakurudi kamwe. Ikafika siku akasahau hata mtungi ulipo, akabaki kukaa tu akitazama mlango. Wahb alizidi kuwa mpweke, nasi hatutamsifu kwa kusema hakuhuzunika. Ila hakumwuliza tena jina la kitu chochote.

Naye Ummu Sahli aliendelea kuja kila alasiri. Alitoa salamu, akaingia, akachota maji mwenyewe, akakitia kikombe mikononi mwa Lubaba na kuikumbatia mikono ile kwa yake. Kisha akakipokea, kama mgeni, akanywa.

Mola atujaalie subira ya kusimama mlangoni kidogo baada ya kutoa salamu, huenda jibu liko njiani.