Mbeta Iliyotoka Shambani

Kibaya chajiuza, chema chajitembeza. Najua shuleni mmefundishwa kinyume chake, ndiyo maana mmeniuliza, wanangu, ni nani aliyeipindua methali hii. Tuliipindua sisi wa Kinyalambo, na kisa chenyewe ni hiki.

Kijiji chetu kiko juu milimani, Iringa, na mianzi yake hutoa ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, usiohitaji sukari. Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibuni. Kila masika tulikata ncha ya mwanzi mchanga na kuning'iniza hapo mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu. Mbeta ilichanjwa alama ya ukoo, na shina lake likachanjwa alama hiyohiyo, ili mwizi ajulikane. Mwiko ulikuwa mmoja: mbeta haitoki shambani. Ikitoka, mianzi itakauka. Sokoni tulipeleka ulanzi kwa ndoo, tukaketi kimya, maana kusifu pombe yako ilikuwa aibu.

Kimya hicho kikatuponza. Watu wa bondeni, wasio na hata mwanzi mmoja, walikoroga maji, sukari na hamira, wakaandika "Kinyalambo" kwenye madumu yao. Hawakuhitaji kusema neno. Jina letu liliwauzia. Wanywaji wakaharisha, wakatulaani sisi. Mwishowe bwana soko akatangaza kwamba baada ya mnada ujao hataki kuona ulanzi wa Kinyalambo. Na msimu ule wa ulanzi ndio uliotulisha mwaka mzima.

Nikamwendea baba mkwe, Mzee Mgimba, mkuu wa wagema, nikamwomba tuutetee ulanzi wetu sokoni. Akanijibu kwamba chema chajiuza. Nikarudi tena kumsihi. Chema chajiuza. Wanangu, methali inaweza kumchosha mtu kuliko kulima mlima. Chema chetu kilikuwa kinachacha ndooni, naye mzee anakisubiri kijiuze.

Siku ya mnada nilizifungua mbeta zetu kwenye mianzi, nikazitia kwenye tenga, nikaenda hadi kwa yule mwenye madumu mengi kuliko wote. Bwana soko alikuwa hapo hapo.

"Kaka, huu ulanzi wa wapi?"

"Si unaona umeandikwa, dada? Kinyalambo."

"Mbeta zako zina alama gani?"

"Mbeta za nini? Umekuja kunywa ulanzi au kutafuna mianzi?"

Watu wakacheka. Nikamshikisha bwana soko mbeta yangu, kidole chake juu ya chanjo. "Hii ina mwenzake mlimani. Twende nikuonyeshe shina lake. Kisha huyu naye atupeleke kwenye lake."

Bwana soko alikuwa mbishi, akapanda mlima kweli. Alama zikalingana. Tuliporudi, yule kaka alikuwa ameshaondoka na madumu yake. Tangu siku hiyo, ulanzi usioletwa na mbeta yenye chanjo yetu hauitwi Kinyalambo katika soko lile.

Jioni wazee wakaniita. Mianzi ilikuwa inadondosha utomvu kama jana, lakini walitaka niombe radhi kwa kuvunja mwiko.

"Mwanangu," akasema Mzee Mgimba, "ungengoja tu. Chema chajiuza."

Nikapiga magoti, kwa kuwa alikuwa baba mkwe wangu, nikamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba. Kibaya chajiuza, chema chajitembeza. Radhi siombi."