Mafundo Katika Mizizi ya Soya

"Pasua fundo kabla ya kung'oa shina." Mmeisikia methali hii leo mkutanoni, wajukuu zangu, na mnaniuliza ilianzaje. Ilianzia katika shamba lililokuwa langu, na aliyeitamka mara ya kwanza ni mimi, tena kwa hasira.

Mume wangu alipofariki, ukoo wake uliniachia ekari moja hapa Namtumbo kwa sharti: nisipovuna vizuri msimu ule, inarudi kwao. Nikapanda soya. Bwana shamba alinipa pakiti ya bakteria, unga mweusi kama masizi. Tukaupaka kwenye mbegu kwa maji ya sukari, kivulini, maana jua huwaua. Nikatia na mbolea ya kupandia. Bakteria hao hujenga vifundo mizizini, na humo huvuta naitrojeni ya hewani na kuilisha soya. Shamba likawa kijani kibichi, nikaanza kupata usingizi.

Shamba la jirani lilikuwa la shemeji yangu Otmar, mdogo wa marehemu, mkulima wa tumbaku. Mkulima wa tumbaku huogopa mafundo ya mizizi kuliko nyoka, kwa sababu kwake ni ugonjwa wa minyoo ya udongo, na dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Nilikwenda siku mbili kumuuguza mama yangu. Niliporudi nikakuta moshi, na robo tatu ya soya yangu imeng'olewa.

"Shemeji, nimekuokoa," akasema huku akifuta jasho. "Soya yako inaumwa. Tazama mafundo haya! Yangehamia kwenye tumbaku yangu."

Nilimpokonya shina. Nikabandua fundo, likatoka bila taabu, nikalipasua kwa ukucha mbele ya pua yake. Ndani lilikuwa jekundu kama nyama mbichi.

"Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Hubanduka hivi? Lina wekundu huu?"

"Mimi sikujua, shemeji."

"Hukujua, na bado uling'oa! Ulipasua mangapi?"

Akaanza kukanyagakanyaga makaa ya moto wake.

"Mangapi, Otmar?" Kabla ya hapo sikuwahi kumtaja kwa jina lake.

"Hata moja."

"Mtu hupasua fundo kabla ya kung'oa shina!" nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Watu husema hasira hasara. Kwangu hasara ilitangulia.

Wakati wa mavuno wazee wa ukoo walikuja. Otmar alikiri yote. Wakanipa pole nyingi, kisha wakasema sharti ni sharti, shamba wakampa yeye.

Mwaka uliofuata akapanda soya palepale, kwa bakteria. Kila aliyeshangaa mafundo ya mizizi yake, Otmar alimwonya kwa upole, kama mtu mwenye hekima zake: "Pasua fundo kabla ya kung'oa shina."